Soda ya Saa Kumi

Jumanne, 14 Machi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu kwanza, wewe na shemeji na watoto, mengine yatafuata. Je, goti lako limepoa? Mimi mwili ni mzima, ila roho imechacha, na nimeona heri nikuandikie kuliko uyasikie kwa watu.

Unajua kwamba katika kiwanda chetu cha kushona sare hatuna mapumziko ya alasiri. Badala yake, saa kumi kila mshonaji alikuwa akiwekewa chupa ya soda kando ya cherehani, akanywa huku mguu uko kwenye pedali. Soda hiyo ulikuwa ukiileta wewe, na ndiyo iliyonisomesha hadi kidato cha nne. Hilo sijalisahau.

Mwezi uliopita nesi wa kiwanda alitupima uzito sote, wanene kwa wembamba. Bonge wa kitengo cha vifungo akamtania kwamba mzani ule ni wa watoto wachanga, akaazime wa magunia. Nesi hakukasirika. Alisema hakuja kumkondesha mtu. Karibu kila mmoja wetu anaongezeka kidogo kila mwaka, na wembamba wa leo ndio watakaojaza foleni ya kisukari kesho. Kwa hiyo dawa si kumsaka mnene mmoja mmoja, bali kiwanda kizima kisiongezeke. Akaomba soda iondolewe, yaje maji, nasi tupewe robo saa ya kutembea uani.

Ulipokuja nyumbani ulisema nesi ni mwembamba kama sindano na ana wivu na miili ya watu. Nilicheka. Ukaniomba, kwa kuwa nimo kwenye kamati ya wafanyakazi, nikutetee. Nikaitikia, ndiyo kaka. Saa ileile mama alikuwa akipapasa ukuta akitafuta mlango, macho yake yameshaliwa na kisukari, nawe ukamshikisha chupa ya soda apoze koo. Alikushukuru sana.

Kamati ilikaa mlango umefungwa, kura zikafungana tatu kwa tatu. Nilikuwa nimebaki mimi. Wewe uliambiwa aliyekumaliza ni yule fundi anayetutengenezea vyerehani, mwenzangu wa kamati, na nasikia hata salamu yake huitikii tena. Kaka, unamwonea. Yeye alikuwa upande wako. Mkono uliokufungia biashara ni wangu.

Na kinachonikereketa zaidi ni kwamba wakubwa walichukua nusu tu ya ushauri. Soda waliiondoa kesho yake asubuhi. Robo saa wakaikataa, eti sare hazijishoni zenyewe. Basi wewe umekosa, sisi tumekaa palepale, na wenzangu wanamlaani fundi wa watu nami niko kimya kati yao. Hata hivyo, kura ikirudiwa leo, nitainua mkono uleule.

Sitakuomba radhi kwa kura, maana nitakuwa mwongo. Naomba radhi kwa ile "ndiyo kaka". Na fundi wa watu mwitikie salamu. Hasira nipe mimi ninayezistahili.

Nibusie watoto. Jumapili nitakuja kama kawaida, nimemshika mama mkono. Ukitufungia mlango, nitajua barua imefika.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba