Maharagwe Meupe ya Koko

Bwera

Koko Geneviève mpendwa,

Sisi tuko wazima, na mdogo wangu ameota jino. Ninakuandikia kwa kuwa kwenye simu Baba husikiliza.

Uliposema umerudi shambani kwako Beni, ukaomba ile mbegu ya maharagwe uliyotugawia tulipokimbia vita na kuvuka mpaka kuja huku, Baba alikujibu kwamba ipo. Haipo, Koko. Ulituonya tusitenganishe maharagwe meusi, mekundu na meupe, maana jua likiua haya, yale yatabaki. Baba aliyatenganisha, akapanda mekundu shamba zima.

"Soko ya Bwera inataka nyekundu tu," alisema. "Ingine ni ya kula."

"Na mama yako akiomba, Papa Sylvie?" Mama alimuuliza.

"Mama iko mbali. Hatarudia shamba."

Siku uliyopiga simu, meusi na meupe ya mwisho yalikuwa yamelowekwa tayari kupikwa. Nilichota konzi moja, nikayapanda kati ya magimbi nyuma ya nyumba. Meusi yameota. Meupe yameoza yote. Baba aliiona miche, akaipalilia.

Meusi nitakutumia nikivuna. Tafadhali waulize majirani waliorudi kama wana mbegu ya meupe: aliyebaki nayo, asiyapike.

Mjukuu wako,
Sylvie