Mwaka Ulioandikwa kwenye Mtambaapanya

Seoul, 9 Novemba 2009

Dada yangu Bok-soon,

Naomba barua hii ikukute na nafuu. Kikohozi kimepungua? Na ukungu wa ukutani, umerudi tena tangu maji ya mvua ya Julai yaingie chumbani kwako huko chini ya ardhi? Huku kwetu tu wazima. Mke wangu amekufungashia kimchi ya figili iliyochachuka vizuri, na amemwonya mwenye basi kwamba akiifungua atajua.

Uliposikia kichochoro chetu kimeokolewa, ulinipigia simu kunipongeza, ukauliza tu kama wino wa kwenye boriti bado unasomeka. Nikapokea pongezi. Leo nakurudishia.

Unajua nilivyopigana. Jiji lilipotaka kubomoa zile nyumba kumi na moja za vigae lijenge maghorofa ya kupangisha watu wa kipato kidogo, niliandika gazetini wiki nane mfululizo. Niliwaita maofisa wavunja makaburi. Nilisema mji usio na nyumba kuukuu ni kambi tu. Nusu ya maneno yale ningeyaandika tena kesho. Lakini Mama Eom, mpangaji wa nyumba ya tatu, alinisimamisha sokoni akaniambia kwamba kama nalipenda sana lile paa, nije nilale chini yake mvua ikinyesha, beseni la kukingia atanipa yeye. Muuza tofu akadakia kwamba mwalimu apewe mabeseni mawili, maana kichwa chake kikubwa. Nilicheka nao, kisha nikaenda kuandika makala nyingine.

Kamati ya majengo ya kale ilikuja Machi mwaka jana. Hati za kichochoro ziliungua zamani ofisi ya wilaya iliposhika moto, kwa hiyo walibandua karatasi ya dari katika nyumba ya tatu, na mtambaapanya, ile boriti ya juu kabisa ya paa, ukaonekana, na maandishi yake: mwaka wa Chuimilia wa Maji, mwezi wa tatu. Jina la mwaka hurudi kila miaka sitini. Mwenyekiti akauliza kama yupo anayejua ni mwaka upi, 1902 au 1962. Nikajibu kwamba ni 1902, enzi za mfalme, tena nikamtajia sababu tatu za kisomi. Hakuna aliyenibishia. Kichochoro kizima kiliokolewa kwa jibu hilo.

Maghorofa yakafutwa. Nyumba ya tatu sasa ni mkahawa. Vijana hukodi mavazi ya kale wakapiga picha mlangoni. Mama Eom kahamia kwa mwanawe, saa mbili kwa basi. Na wewe, Dada, ulikuwa wa kumi na tisa kwenye orodha ya wapangaji wa maghorofa yale. Karatasi ulinionyesha mwenyewe.

Sikukosea kusoma. Nilipoinua macho niliona mwisho wa mstari wino umechafuka, alama ya dole gumba la mtoto. Ni langu. Ilikuwa 1962, nilikuwa na miaka sita, mabegani kwa baba, na wewe umeshika jiwe la kusagia wino. Nikagusa kabla haujakauka. Baba hakunichapa, alisema nyumba imepata fundi wa pili. Katika nyumba zote alizojenga imebaki hiyo peke yake, na nilitaka ibaki. Kwa hiyo nilikuacha chini ya ardhi. Nawe ulijua, ndiyo maana uliuliza habari za wino.

Juzi niliipelekea kamati maelezo yangu ya mwaka wa kweli, nimeyatia sahihi. Karani aliyasoma, akaniambia kwa upole kwamba fedha za ujenzi zilishahamishiwa wilaya nyingine, na kwamba mzee nirudi nyumbani nikapumzike.

Chumba changu cha vitabu nimekitoa vitabu. Dirisha linatazama kusini, na jua hulipiga hadi alasiri. Njoo, hata kama hujanisamehe. Ukitaka, tusisemezane.

Msalimie jirani yako wa juu aliyekusaidia kuteka maji. Usisahau dawa.

Mdogo wako,
Maeng In-seop