Mlima Uliochorwa Nyeri

Nyeri, 9 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu. U mzima? Goti linasemaje na baridi hii? Mimi sijambo, ila mafua.

Umeuliza ni kazi gani hii ya kutazama majengo. Tunapima mstari ambao mapaa ya mji yanauchora angani, tujue maghorofa yakizidi kupanda yataziba nini. Kisha ofisi itaamua mwisho wa urefu. Nakutumia nakala ya mchoro. Mapaa tumeyapima mimi na mwenzangu Wahome. Mlima umejifunika mawingu tangu tuanze, basi kwa sasa nimeuchora kwa kumbukumbu tu.

Mwezi huu pia sitaweza kuja. Kazi ni nyingi.

Binti yako,
Gaceri

Chuka, 20 Julai 2024

Mwanangu Gaceri,

Salamu nyingi sana. Goti linauma lakini linatembea. Ng'ombe amezaa ndama jike.

Mchoro wako umenichekesha mpaka nikamwaga chai. Mapaa ni ya Nyeri, sawa, lakini mlima ni wetu! Hilo bega lililoinama chini ya vilele linaonekana hivyo ukiwa upande wetu huku tu. Watu wa Nyeri watakuuliza umewaletea mlima wa nani. Mama, hapo umechora ukiwa umekaa mlangoni pa jikoni, mama yako akikusuka nywele.

Halafu kicheko kikaniishia. Tangu tumzike mama yako hujakanyaga hapa, na sijakuuliza. Leo nakuuliza, kwa sababu jirani yetu Simeon anajenga ghorofa mbele yetu. Akimwaga zege la orofa ya tatu, mlima hautaonekana tena kutoka mlango ule. Shamba ni lake, siwezi kumzuia. Nataka tu uuone kabla.

Baba yako

Nyeri, 6 Agosti 2024

Baba mpendwa,

Natumaini goti limepoa. Ndama mmemwitaje?

Jana mawingu yalifunguka tukapiga picha. Ulisema kweli, nimerekebisha mchoro. Ule wa kwanza Wahome alitaka kuutupa, nikamnyang'anya.

Baba, kazi si nyingi kiasi hicho. Naogopa kuukuta mlango ule bila yeye. Usininunie. Sijui kama nitaweza.

Binti yako,
Gaceri

Chuka, 12 Agosti 2024

Mwanangu,

Hatujambo wote. Ndama anaitwa Nyeri, kwa sababu anazurura na harudi akiitwa.

Sijanuna. Hata mimi nilipita mlango wa mbele miezi mingi, nikiukwepa ule wa jikoni.

Nilimwendea Simeon nikamwambia unaogopa. Akasema, "Mzee, kokoto iko tayari, lakini nitangoja hii Sunday ipite. Huyo mama alikuwa ananipea uji nikitoka shule." Mafundi amewapa kazi ya ukuta wa nyuma.

Njoo Ijumaa ulale, maana mlima unaonekana asubuhi mapema, baadaye unajifunika. Beba kamera ya kazi, upime na hapa kwetu. Kigoda cha mama yako nimekitoa nje mlangoni. Mimi nitakaa chini.

Baba yako