Ufa Ambao Sikuuona

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alinifundisha kuanza nayo hata nikiwa na hasira, na leo hasira ninazo tele. Habari za nyumbani? Wifi anaendeleaje na mgongo wake, na watoto shule inawaendaje? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na kila siku anauliza mbona hupigi simu. Mimi nimelala vibaya tangu Jumamosi, na sababu unaijua, kwa hiyo sitakuzungusha.

Jumamosi, mbele ya chama kizima cha watazama mwezi, uliinua mchoro wangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika soksi chafu. Ukawaambia wenzetu kwamba ule ufa niliouchora kwenye sakafu ya shimo la kusini haupo mwezini, upo kichwani mwangu. Ukaongeza kwamba fundi wa miwani anayeshinda akifuta vioo vya watu, mwisho lazima aone mikwaruzo kila mahali. Watu wakacheka. Mweka hazina alicheka mpaka akavua miwani, miwani niliyomtengenezea mimi. Kisha wewe, mwenyekiti, ndugu yangu wa tumbo moja, ukapendekeza jina langu litolewe kwenye orodha ya mashahidi, wale ambao michoro yao inahesabiwa, na kura ikapangwa mkutano ujao. Miaka kumi na moja ya kupanda juu ya paa na darubini mgongoni, halafu unataka ifutwe kwa watu kuinua mikono!

Ngoja nikukumbushe jioni yenyewe niliyouchora ufa ule, maana naona unaisimulia unavyopenda. Jua lilikuwa halijazama sawasawa, mwezi nusu umeshakaa juu ya bomba la kiwanda cha sabuni. Mpaka wa kivuli ulikuwa umelipita kidogo tu lile shimo, na mwanga ukaingia umelala, mwanga wa kufichua hata kipele. Hewa ikatulia. Nikauona: uzi mweusi, mwembamba, umepinda mara moja karibu na ukuta wa magharibi. Nikatoa jicho, nikalipumzisha, nikarudi, bado upo. Nikachora bila kufungua ramani, kama sheria yetu inavyotaka. Wewe ulikuwa kwenye darubini yako, hatua tano kutoka kwangu, kimya, kama sheria inavyotaka pia. Mwisho ukatoa karatasi tupu. Bila michoro miwili inayolingana ufa hauingii kwenye orodha ya nyufa, hilo nalikubali. Na huenda kweli hukuuona, maana kioo cha darubini yako hakijasafishwa tangu mvua zianze. Lakini kutouona ni jambo moja, kuniita mwongo ni jingine kabisa.

Na hapo ndipo ulipojichongea, kaka. Mwongo nimewahi kuwa, ila si jioni ile.

Unaukumbuka mwaka ulioachishwa kazi pale ofisi ya ramani. Miezi miwili hukusema na mtu, sahani ya chakula ikirudi jikoni kama ilivyokwenda. Mama alinisihi nisikuache peke yako, ndipo nikakuburuta juu ya paa. Wakati ule tulikuwa na darubini moja, tukitazama kwa zamu. Jioni ya tatu ukainuka pale ulipoinama, unacheka, ukasema umeona ufa usiokuwa kwenye ramani yoyote. Ukachora kwenye daftari, ukaichomoa karatasi yako ukaitia mfukoni, ukanipa daftari nichore changu, ukaenda kukaa kwenye ngazi kunisubiri. Nilitazama nusu saa nzima. Niliona uwanja laini kama sahani. Hakukuwa na kitu, kaka. Lakini wewe hukandamiza penseli utadhani unamwadhibu mtu, na alama ya mstari wako ilikuwa imebaki kwenye karatasi ya chini. Nikaipitishia penseli yangu. Nikatia sahihi.

Michoro ililingana mpaka katibu akashangaa. Wakauita ufa ule kwa jina lako, na mwaka uliofuata wakakupa uenyekiti. Wala sikujuta, kwa sababu ulianza kula. Tangu siku hiyo, kila mwanga unapofika pale mahali, nimeutafuta kwa darubini kubwa kuliko ile, miaka minne. Haupo.

Ningekufa na siri hii kwa roho nyeupe kabisa. Umeniumiza mno, na sitaki kujifanya nimesamehe. Leo asubuhi nimempelekea katibu maelezo haya haya, akayasoma mimi nimesimama mlangoni pake. Mkutano ujao pigeni kura yenu. Jina langu litatoka, najua, na litatoka kwa haki. Lakini litatoka kwa sababu ya ufa wako, si kwa sababu ya wangu.

Msalimie sana wifi, mwambie dawa ya kuchua nitaituma. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka. Ule mchoro wa ufa wako uliouweka kwenye fremu sebuleni, ushushe wewe mwenyewe na uwaeleze kwa nini, maana katibu atakuja kuuchukua Ijumaa, na wao ndio watakaomfungulia mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi miwani