Fundo Juu ya Goti

Mama yangu,

Nakuandikia miguu nimeipandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana ndivyo nilivyoagizwa. Ungeniona ungesema mtoto huyu amekuwa mvivu. Ngoja kwanza.

Unakumbuka ulivyopika uji wa shule pale Makere, umesimama tangu alfajiri mbele ya sufuria ambalo ningeweza kuogea ndani? Jioni ukivua kandambili ulinitaka nikukande, taratibu pale kwenye minyoo. Hilo ndilo jina uliloipa mishipa ile ya bluu, iliyovimba na kujipinda kutoka gotini hadi kwenye kifundo cha mguu. Mbele za watu kitenge chako kilifika chini, hakuna aliyeiona.

Zahanati ulikwenda mara moja tu. Kiswahili chetu tunakifikiria kwanza kwa Kiha, basi ulipofika dirishani ukasema kwa sauti, "Nina mshipa." Foleni nzima ikacheka, kwa sababu kwa watu wengi mshipa ni ule ugonjwa wa wanaume wa kuvimba huko chini. Mzee mmoja akakuuliza umeutoa wapi. Mama, siku ile uligeuka ukarudi nyumbani, na zahanati hukuikanyaga tena. Nami nilicheka. Nilisimama nyuma yako na nilicheka.

Kisha ile asubuhi. Ulikuwa unasugua gaga kwa jiwe, miguu ndani ya beseni, ukaniita nije nione maji yalivyokuwa mekundu. Hukusikia maumivu hata kidogo. Mshipa ulikuwa umepasuka karibu na kifundo, damu inaruka. Nilichana kanga yangu nikaifunga juu ya goti lako kwa nguvu zangu zote. Nilikuomba ulale, ukakataa, eti wewe si mgonjwa wa kulala mchana. Tukapanda bodaboda kuelekea Kasulu, wewe katikati, mimi nyuma nimekukumbatia, mguu unaning'inia. Kila nilipoona damu haikomi nilimsimamisha dereva nikakaza zaidi. Ukaniegemea, ukasema, "Umefunga vizuri, mwanangu." Kabla ya kufika mjini kichwa chako kilikuwa kizito begani kwangu.

Watu walisema siku yako ilikuwa imefika. Wengine walinong'ona kwamba ulikanyaga mtego wa mchawi. Nilishika lile la kwanza, likanisaidia kulala.

Sasa mimi ni msusi hapa Kasulu, nasimama kutwa nyuma ya vichwa vya watu, na minyoo imenijia. Mwezi huu nimekwenda hospitali. Neno mshipa sikulitamka, nilipandisha gauni tu. Daktari akanisimamisha, akaipapasa miguu, akanipima kwa ultrasaundi. Akasema ndani ya mishipa kuna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Vikilegea, damu inatuama, mshipa unavimba. Kuzaa kunavilegeza, na umri, na kusimama sana, na mengine mtu anayarithi. Akaniuliza kama mama yangu alikuwa nayo. Nikasema ndiyo. Akaniandikia soksi za kubana, nitembee, nipumzishe miguu juu. Zisiposaidia, kuna sindano ya kuuziba mshipa, kuna kuuchoma kwa joto, kuna upasuaji, ila hayo ni kwa rufaa, mbali.

Nilikuwa nimeshika mlango alipoongeza, kama mtu anayekukumbusha mwavuli wako:

"Mshipa ukipasuka, lala chini, inua mguu upite usawa wa moyo, kandamiza palepale kwa kitambaa. Usifunge mguu kwa juu, upande wa goti au paja. Ukifunga, damu inashindwa kupanda, inatokea palipopasuka."

Nikasema asante. Nikakaa kwenye benchi la nje mpaka mfagiaji akaniomba nisogeze miguu.

Kumbe kila nilipokaza, Mama, nilikuwa nakumwaga.

Dada yangu wa Busunzu anayo pia. Nilimpigia simu, nikamwambia mara tatu: lala, inua, kandamiza. Akaniuliza kwa nini nalia. Nikamwambia ni mafua. Barua hii ataisoma, basi na ajue.

Natamani ungenitukana kwenye ile pikipiki. Ulinisifu, na sifa yako ndiyo nisiyoweza kuibeba. Nisamehe fundo lile.

Mwanao,
yule uliyemwegemea