Matairi ya Shemeji

Dada yangu,

Nisamehe kwa mwandiko huu wa kuku. Naandika kwa mkono wa kushoto. Chumba changu hakijambo, na kiti cha pili nimeshakiazima kwa jirani kwa ajili ya ujio wenu Jumapili. Tangu nihamie hapa, hakuna aliyewahi kuketi mbele yangu.

Jana kazini tulijaribu matairi ya gari la mbio kwenye lami iliyomwagiwa maji. Msoma vipimo anayeketi kando ya dereva anaumwa, basi nikapandishwa garini mimi karani. Dereva wetu, tunayemwita Breki, akanicheka: "Karani, umekiganda kiti kama kupe! Tulia, bwana."

Matairi ya kawaida, yenye mifereji ya kutoa maji, yalisimamisha gari vizuri. Kisha wakafunga yale mapana, karibu laini kabisa, kama yale ambayo shemeji amefunga kwenye gari lake na huyasifu kwamba yanang'ata barabara. Kwenye lami kavu ni kweli. Kwenye maji, Breki alikanyaga na gari likateleza kama sabuni hadi ukutani. Alisema tu, "Jishike, mdogo wangu." Hajasema neno tena. Daktari anasema tusubiri.

Mimi nimevunjika mkono tu, usimwambie mama.

Najua shemeji ataniita mwoga, na mwoga ni mimi kweli. Mwombe abadilishe matairi yale. Akikataa, msije katika mvua hizi, hata kama nitakuwa nimewapikia. Kiti nitakirudisha kwa mwenyewe, nitasema wageni wangu wamepata udhuru.

Ni mimi mdogo wako, ninayekungoja hata mpaka kiangazi.