Sentensi Niliyoikata

Jumatatu, 5 Januari 2026

Kazini tena. Hita ya ghorofa ya tatu ilikufa wakati wa Krismasi na hakuna aliyejishughulisha nayo. Nimeshinda na koti mwilini.

Maoni ya wananchi kuhusu kanuni ya krediti za masomo ya ngazi ya juu: arobaini na moja mpaka sasa. Mwisho wa kupokea ni Jumatatu ijayo, saa kumi na moja jioni. Kazi yangu ni ile ile ya miaka ishirini na miwili. Nasoma barua, naifupisha iwe sentensi mbili, naondoa jina, naandika jibu chini yake. "Idara haikubaliani." Mara moja moja, "Idara inakubaliana." Barua ya kurasa tano ya mzazi anayelia inageuka kuwa "mtoa maoni mmoja alieleza wasiwasi." Si ukatili. Ndivyo inavyoandikwa.

Kanuni yenyewe haina mambo mengi. Zamani mwanafunzi wa sekondari akifaulu somo la juu kwa mwalimu wake, anapata krediti ya kuhitimia, basi. Walioingia darasa la tisa kuanzia 2022 lazima wafaulu na mtihani wa nje, na rasimu hii inaiandika kanuni hiyo upya. Bodi ya Elimu inapiga kura tarehe 30. Ikipita, inaanza kazi Machi mosi.

Bosi, Dwight Tarpley, kaleta kolache, vile vimaandazi vitamu vya plamu. Anasema mwaka huu anaacha sukari. Alikuwa kwenye ya tatu.

Jumatano, 7 Januari

Mzazi mmoja wa vitongoji vya kaskazini kaleta kurasa kumi na moja na majedwali. Sentensi mbili. Mwalimu wa fizikia katuita wahuni wenye viyoyozi. Laiti angejua habari ya hita! Nimeandika: "mtoa maoni alipinga."

Ijumaa, 9 Januari

Faksi! Sikujua mashine ile bado inafanya kazi. Imetoka kwa Clete Vansickle, mshauri wa wanafunzi kwenye shule moja huko magharibi kabisa. Wanafunzi sitini na mmoja, shule nzima. Anasema yeye ndiye mshauri, kocha wa kikapu, na dereva wa basi la timu, kwa hiyo tumwie radhi kwa mwandiko.

Ana mwanafunzi mmoja wa kike, Marisela Urrutia. Alisoma hesabu za juu mwaka wake wa tatu, akafaulu vizuri. Mtihani wa nje hakufanya kwa sababu haukuhitajika. Kisha babake akavunjwa nyonga na farasi, binti akakaa nyumbani mwaka mzima kuendesha shughuli za ng'ombe. Amerudi. Anatakiwa kuhitimu Mei hii, ana nafasi ya kusomea uuguzi. Bila krediti ile, hahitimu. Mtihani uko Mei lakini matokeo hutoka Julai, na chuo kinataka cheti mwanzoni mwa Juni.

Nimefupisha: "Mtoa maoni mmoja aliomba wanafunzi waliochelewa kumaliza wafikiriwe." Jibu: "Idara haikubaliani. Kipindi cha mpito kimekwisha."

Chakula cha mchana: supu ya maharage. Chumvi nyingi.

Jumatatu, 12 Januari

Maoni hamsini na nane, na mlango wa kuyapokea umefungwa.

Saa kumi na dakika arobaini simu ililia. Vansickle mwenyewe. Sauti ya mtu aliyezoea kupiga kelele uwanjani. Nikamwambia maoni yake yamepokelewa.

"Najua yamepokelewa, bibie. Mimi siombi binti afikiriwe. Nauliza ile sentensi imekwenda wapi."

Sentensi gani?

Akanisomea kanuni kama ilivyo sasa, neno kwa neno, pole pole, kama anamsomea mtoto imla. Kwamba walioingia darasa la tisa kabla ya mwaka wa shule wa 2022 watahesabiwa kwa utaratibu wa zamani mpaka wahitimu. Kisha akasema, "Kwenye rasimu yenu imekatwa kwa mstari. Binti aliingia 2021. Hiyo sentensi ni yake. Nani kaipiga mstari?"

Nikasema nitaangalia.

Sikuhitaji kuangalia.

Jumanne, 13 Januari

Haya, niandike, maana hapa hakuna wa kunifupisha.

Nilikata mimi. Oktoba. Ni kazi ninayoipenda kuliko zote: kanuni ikifunguliwa napita na kalamu kutoa maneno yaliyokufa. Ofisi zilizovunjwa, tarehe zilizopita. Nikafika pale. Kabla ya 2022. Nikahesabu kwa vidole: tisa, kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Walioingia 2021 walimaliza 2025. Hakuna aliyebaki. Nikapiga mstari. Bosi hakuuliza, mwanasheria hakuuliza, wajumbe kumi na watano wa Bodi waliisoma mara ya kwanza wasiulize. Sote tunahesabu miaka minne. Nani ofisini humu amewahi kukaa nyumbani mwaka mzima na ng'ombe?

Kwa miaka ishirini na miwili sijawahi kutoa tangazo la masahihisho. Hata moja! Vijana wa ghorofa ya pili wananitania: wakitaka kujua kama leo ni Jumanne wanasema kamuulizeni Lorna Hruska, yeye hakosei.

Nimeona haya. Siwezi kuliandika kwa njia nyingine.

Alhamisi, 15 Januari

Nimemwambia Tarpley. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Watu wangapi?"

Mmoja, ninavyojua.

"Mmoja! Lorna, kwa mmoja si tuiandikie shule yake barua nzuri ya pole?"

Nikamwambia barua ya pole haina krediti. Akanitazama kana kwamba kiti ndicho kilichosema. Akamwita mwanasheria wetu, Odette Guidry, ambaye hupanda ngazi huku anatafuna na huingia huku bado anatafuna.

Odette kaeleza vizuri, kama kawaida yake. Njia ni mbili. Kama sentensi ilikatwa kwa kukusudia, kuirudisha ni kubadili kanuni. Itangazwe upya, siku thelathini za maoni, kikao cha Aprili, ianze kazi mwishoni mwa Juni. Binti atakuwa ameshapoteza nafasi. Lakini kama ni kosa la mkono, kwamba mstari ulizidi ukala sentensi ya jirani, Bodi inasahihisha palepale mezani, siku hiyo hiyo. Inahitaji kiapo cha maandishi cha aliyeandaa rasimu.

"Mstari ulizidi, siyo?" Tarpley akaniuliza. Kwa furaha kabisa, kama mtu aliyeona funguo zake.

Nikasema nitarudia kutazama.

Odette aliacha kutafuna.

Jumanne, 20 Januari

Jana ilikuwa sikukuu. Leo nimeshuka chini kwenye kumbukumbu kutazama nakala ya kazi, ile rasimu niliyoipitia na kalamu Oktoba. Ukurasa wa sita. Wino wangu wa kijani, mstari umenyooka, hakuna kilichozidi. Na pembeni kwa mwandiko wangu: "Imekufa. Ondoa. L.H."

Kwa sheria inakaa pale miaka kumi. Mwananchi yeyote akiiomba anapewa. Nimeirudisha mahali pake, faili linatazama upande ule ule.

Odette alinikuta kwenye ngazi. Kanipa fomu ya kiapo, ukurasa mmoja, visanduku viwili vya kutia alama: kwa kukusudia, kwa kosa la uandishi. Nikafungua mdomo.

"Ngoja, dada," akasema. "Kabla hujaniambia lolote. Ukishaniambia, nitakuwa nalijua. Mimi nakuuliza kitu kimoja tu: unaweza kuapia nini?"

Akaniacha hapo. Kiapo cha uongo kwa chombo cha jimbo ni kosa la jinai. Najua kifungu. Niliwahi kukihariri.

Jumamosi, 24 Januari

Barafu. Barabara zote zimefungwa, nyaya za umeme zinaning'inia. Nimebaki nyumbani. Nimepika dampling, madonge ya unga, na kabichi, nikala nimesimama.

Imebaki miezi kumi na minne nistaafu. Nalifikiria hilo zaidi kuliko ninavyomfikiria binti. Hiyo ndiyo hali halisi.

Nyakati nyingine najiambia: mwaka mmoja ni nini? Ataomba tena mwakani. Halafu nakumbuka yeye mwaka ameshautoa. Anadaiwa mwingine kwa sababu gani? Kwa sababu mimi napenda ukurasa ukiwa safi.

Nimekasirika, na wa kumkasirikia yuko hapa hapa jikoni.

Jumatano, 28 Januari

Vansickle kapiga simu tena. Wanakuja. Ni mwendo wa saa saba kwa gari, wanatoka kesho mara tu baada ya mazoezi ya kikapu. Anasema amesikia kutoka Idarani kwamba huenda kikatoka kiapo. (Tarpley! Mdomo wake hauna kifuniko.)

"Aliyekosea anakubali kabisa kwamba amekosea?" akauliza. "Hebu mwambie, bibie, kwamba huku kwetu tunamshukuru."

Sikumwambia kwamba anaongea naye. Nikasema nitafikisha.

Alhamisi, 29 Januari

Nimetia alama. Nimetia saini mbele ya shahidi wa viapo wa pale benki, mvulana mwenye chunusi ambaye hakusoma hata neno. Kosa la uandishi. Nimempelekea Odette kwenye bahasha. Hakuifungua mbele yangu. Alisema tu, "Sawa, Lorna," na kunigusa bega, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nikarudi ghorofa ya tatu, nikavaa koti.

Ijumaa, 30 Januari

Ukumbi wa Bodi, ghorofa ya kwanza. Naandika kwenye daftari dogo mapajani. Kipengele chetu ni cha tano, wako kwenye cha pili, cha vitabu vya jiografia, na mjumbe mmoja haridhiki na ramani.

Nilifika mapema. Sikuvaa beji yenye jina langu, nimeitia kwenye mkoba. Sijui kwa nini. Najua kwa nini.

Pale mezani mlangoni alikuwepo msichana mrefu, buti zimepigwa rangi vizuri, anahangaika na kadi ya wanaotaka kuongea. Aliponiona akasema, "Samahani mama, hapa wameandika 'unamwakilisha nani'. Niandike nini?"

Nikamwambia aandike "mwenyewe."

"Tu?"

Tu.

Akaandika. Marisela Urrutia, kwa herufi kubwa kubwa. Vansickle yuko nje anatafuta mahali pa kuegesha lori. Tumekaa pamoja, safu ya tatu. Kanipa nusu ya taco yake, chapati iliyokunjiwa mayai, iliyokwisha poa. Nimekula. Anasema babake anatembea sasa ila kwa fimbo, na yule farasi hawakumuuza, kwa sababu kosa halikuwa lake, alishtushwa na karatasi ya nailoni. Anasema hesabu alizipenda kwa sababu ukikosea unaweza kurudi nyuma ukaona ulipokosea.

Kisha akasogea karibu. "Unafanya kazi humu, mama?"

Ndiyo.

"Huyo aliyeikata sentensi, unamfahamu?"

Namfahamu.

"Ni mtu wa namna gani?"

Nikafikiri. Nikasema: mwangalifu.

Akacheka mpaka akaziba mdomo. "Mwangalifu! Angekuwa mwangalifu tungekuja huku mwendo wa saa saba na Bwana Vansickle anaimba njia nzima?"

Nikafuta midomo na kile kikaratasi cha taco.

Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, macho mbele: "Lakini nataka nimshike mkono. Kweli. Angeweza kukaa kimya. Watu wakubwa wa maofisini hawasemi ukweli namna hiyo, eti mkono wangu uliteleza. Mimi nimemheshimu."

Loo.

Kipengele cha tatu kimepita bila neno. Cha nne kimeahirishwa. Tarpley yuko mbele, ananipungia kidole gumba kama tuko mpirani. Odette anatazama karatasi zake. Vansickle ameingia, kofia mkononi, hakupata kiti, amesimama ukutani nyuma.

Cha tano.

Mwenyekiti, mama mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, anasema Bodi imepokea kiapo kwamba sentensi ya ukurasa wa sita ilipigwa mstari kimakosa, na kwamba anaona ni jambo jepesi. Yuko karibu kuitisha kura. Mjumbe wa mwisho kushoto, yule wa ramani, ameinua mkono. Hana ubaya, anasema. Angependa tu kumsikia aliyeapa, kwa mdomo wake mwenyewe, akieleza mstari ulivyozidi. Na kama nakala ya kazi ipo, angependa pia kuiona.

Odette ameinua uso. Ananitafuta.

"Ni haki yake," mwenyekiti anasema. "Bi Lorna Hruska yumo ukumbini?"

Marisela amekaa wima. Kanigusa mkono. "Ndiye huyo," ananinong'oneza, na amegeuka nyuma, anatazama safu moja moja mpaka mlangoni.